Hadithi Moja, Wasikilizaji Watatu

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule za sekondari nchini Kenya, ina alama 60, na alama 30 kati ya hizo zimetengewa stadi za kuzungumza. Mtahiniwa huulizwa ni maneno yapi yanayotamkwa sawa ingawa yameandikwa tofauti, ni neno lipi katika sentensi linalostahili kutiwa mkazo, na angejiandaa vipi kabla ya kutamba hadithi mbele ya hadhira. Majibu yote huandikwa kwa kalamu, chumba kikiwa kimya, na hakuna anayemsikiliza. Ndiyo maana hapa Mombasa, kama kwingineko nchini, utampata kijana aliyefanya vyema katika sehemu hiyo ya mtihani lakini akiombwa aeleze kwa Kiingereza, kwa dakika mbili tu, jinsi alivyofika shuleni asubuhi, hukwama kabla hajaimaliza sentensi ya tatu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Mchana huwa na wanafunzi wa Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, katika shule moja upande wa Kisauni, na jioni kadhaa za wiki hukutana na watu wazima wanaofanya kazi hotelini, ufuoni na katika maduka ya Mji wa Kale, ambao wanataka kukisema Kiingereza kwa ufasaha zaidi kwa ajili ya kazi zao. Kwa makundi yote mawili nimetegemea zoezi moja kuliko mengine yote, nalo ni kumfanya mwanafunzi atambe hadithi ileile mara tatu, kila mara kwa msikilizaji mpya. Nataka kulieleza zoezi hilo kwa ukamilifu, kwa sababu naamini kwamba usemaji haujengwi kwa kujibu maswali ya mwalimu. Swali la mwalimu hutosheka na neno moja au mawili, na mara nyingi mwalimu mwenyewe analijua jibu tayari. Hadithi humdai msemaji sentensi baada ya sentensi, na humwekea mbele yake mtu ambaye kweli anataka kujua kilichotokea.

Wapo wanaoamini kwamba mtoto akisikia Kiingereza cha kutosha atakisema siku moja pasipo kusukumwa. Nchini Kenya, kuanzia Gredi ya 4, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kama kusikia kungetosha, wanafunzi wanaofika kwangu Gredi ya 7 wangekuwa wasemaji hodari. Katika miaka ya 1980 mtafiti Merrill Swain aliwachunguza watoto wa Kanada waliokuwa wakisomeshwa kwa Kifaransa ilhali nyumbani walizungumza Kiingereza. Baada ya miaka kadhaa watoto hao walikielewa Kifaransa vizuri sana, lakini walipokisema walibaki nyuma ya wenzao waliozaliwa nacho. Swain alieleza kwamba darasani walisikia sana na kusema kidogo, na kwamba kusema ndiko kunakomlazimisha mtu kutambua pale ambapo lugha yake haijatimia. Kila ninapoyakumbuka maelezo hayo huyaona madarasa yetu, ambamo mwalimu huzungumza kipindi kizima na wanafunzi wakaitikia kwa pamoja.

Nafasi ya kufanya vingine ipo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 na kufika Gredi ya 7 mwaka 2023, umeifanya stadi ya kusikiliza na kuzungumza kuwa mkondo wa kwanza katika somo la Kiingereza, ukitangulia kusoma, sarufi na kuandika. Kilichobaki ni sisi walimu kukitumia kipindi hicho kwa mazungumzo ya kweli, badala ya kukimaliza kwa kunakili mambo ya ubaoni.

Mtoto wa Pwani, tena, haji darasani mikono mitupu. Amekulia mahali ambapo mtambaji akisema “Paukwa” watu wote hujibu “Pakawa”, na tangu hapo kila aliyejibu amejifunga kusikiliza hadi mwisho. Anajua kwamba sauti ya Fisi haiwi sawa na sauti ya Sungura, kwamba mtambaji hunyamaza kidogo kabla ya jambo kubwa kutokea, na kwamba hadhira ikianza kuchoka yafaa wimbo uingie. Wenzake waliotoka katika nyumba za Wagiriama, Wadigo, Wakamba, Wataita au Waluo wana fomyula zao na nyimbo zao, lakini ufundi ni uleule. Katika somo la Kiswahili wote wamekwisha kufundishwa habari za fanani na hadhira. Mwalimu wa Kiingereza anayeanza na hadithi, kwa hiyo, huwa amebakiwa na nusu ya kazi tu, kwa kuwa mwanafunzi tayari anajua hadithi nzuri inavyokwenda na anachokosa ni maneno ya kuipelekea.

Sasa nieleze zoezi lenyewe. Mimi hulianza na hadithi mbili zinazojulikana Pwani, ya Kima na Papa na ya Abunuwasi na sufuria iliyozaa. Nusu ya darasa hubaki nami, na nusu nyingine huenda kukaa na mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, ambaye ana moyo wa kusaidia, kisha tunabadilishana. Nusu ya kwanza huwatambia habari za Kima aliyekuwa akimrushia Papa matunda kutoka katika mti uliokuwa ufuoni, akakubali kupandishwa mgongoni ili akatembelee kwa rafiki yake, na katikati ya bahari akaambiwa kwamba sultani anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Nusu ya pili huwatambia habari za jirani aliyefurahi kuambiwa kwamba sufuria yake imezaa, na ambaye baadaye hakuweza kukataa alipoambiwa kwamba imekufa. Hutamba bila kitabu, nikiwatazama wanafunzi machoni, kwa Kiingereza chepesi na kwa ishara nyingi za mikono. Mwalimu anayesoma hadithi kutoka kwenye karatasi huwafundisha wanafunzi kusoma kwa sauti, na hicho ni kitu kingine.

Nikifika pale Kima anapoambiwa habari za moyo, husimama na kuwauliza wao wangesema nini. Hapo hata wanaoijua hadithi hunyanyua mikono, kwa sababu wanataka kuonyesha kwamba wanaijua. Lipo pia swali ambalo halikosi kuzusha ubishi, nalo ni kwa nini Papa aliitoa siri kabla hawajafika. Wengine husema alikuwa mjinga, wengine husema alimhurumia rafiki yake, na mmoja aliwahi kusema kwamba Papa alitaka Kima apate nafasi ya kujiokoa. Ubishi huo hufanyika kwa Kiingereza kilichokatikakatika, nami huuacha uendelee, kwa maana hiyo ndiyo mara ya kwanza baadhi yao wanasema Kiingereza wakiwa na nia ya kumshinda mtu kwa hoja.

Baada ya kusikiliza, wanafunzi hukaa wawiliwawili na kuisimulia hadithi kwa Kiswahili. Najua kwamba jambo hili huwakera baadhi ya walimu. Katika shule nyingi za nchi hii mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili au lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, na bado kuna wanaoamini kwamba Kiingereza huingia kichwani kwa kuifukuza lugha nyingine. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwanafunzi anayetafuta mpangilio wa matukio, maneno ya Kiingereza, wakati wa kitenzi na ujasiri wa kusimama mbele ya mwenzake, vyote kwa mara moja, atavipoteza vyote. Akiisimulia kwanza kwa Kiswahili, mpangilio wa matukio huwa umekwisha kukaa, na anapoingia katika Kiingereza huwa anashughulika na lugha peke yake. Kazi hiyo ya Kiswahili huchukua dakika chache tu, kisha kila mmoja huchora visanduku sita katika daftari na kuweka picha ndogo katika kila kisanduku: mti, mgongo wa Papa, sultani kitandani, na kadhalika. Huwakataza kuandika neno lolote. Aliyeandika sentensi huzisoma, na macho yake hayamwinukii mwenzake tena.

Ndipo tunapotoka nje, chini ya miarobaini, na kupanga mistari miwili inayotazamana. Mstari mmoja una hadithi ya Kima na mwingine una ya Abunuwasi. Wa kwanza hutamba kwa dakika nne, mwenzake akisikiliza, kisha wanabadilishana zamu. Wakimaliza, mstari mmoja husogea hatua moja, kila mtu akapata msikilizaji mpya, na sasa hadithi ileile hutambwa kwa dakika tatu. Mara ya mwisho ni dakika mbili. Zoezi hili la nne, tatu, mbili lilielezwa na Keith Maurice mwaka 1983, na mwaka 1989 Paul Nation akaonyesha kwamba wasemaji walipofika mara ya tatu walizungumza kwa kasi zaidi na kusitasita kwao kulipungua, na hata makosa ya sarufi katika sehemu walizozirudia yalipungua. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mara ya kwanza msemaji anayatafuta maneno, na mara ya pili anayakuta pale alipoyaacha. Muda unapopunguzwa hawezi kuongeza mambo mapya, kwa hiyo nguvu yake yote huenda kwenye kuyatoa kwa wepesi yale aliyokwisha kuyapata. Msikilizaji mpya naye ndiye anayeizuia kazi isigeuke kuwa adhabu, kwa kuwa hakuna anayependa kumsimulia mtu yuleyule habari ileile mara tatu.

Kwa kuwa wengi wamewahi kuzisikia hadithi hizi kwa Kiswahili, nimeweka sharti kwamba kila mtambaji abadilishe jambo moja kwa siri, na msikilizaji alitambue. Papa akawa anaishi karibu na kivuko cha Likoni, au sufuria ikazaa birika. Msikilizaji aliyekuwa akitazama pembeni hutega masikio.

Jambo ambalo limenifunza mengi kuhusu wanafunzi wangu ni wakati wa vitenzi. Kwa Kiswahili mtambaji hulitaja tendo la kwanza kwa “-li-”, kisha hubebwa na “-ka-” mpaka mwisho: alitoka, akaenda, akamkuta, akamwambia. Silabi hiyo moja humwonyesha msikilizaji kwamba tuko katika wakati uliopita na pia kwamba tendo hili limelifuata lile. Kiingereza hakina kitu kama hicho. Kila kitenzi chapaswa kubeba wakati uliopita chenyewe, na uhusiano wa tendo na tendo hubebwa na mpangilio wa sentensi pamoja na maneno mengine kabisa. Mwanafunzi asiyejua hilo huifanya kazi ya “-ka-” kwa kulirudia neno la “na” kwa Kiingereza kila baada ya kitenzi, au, kwa kuwa kwa Kiswahili angekwisha kuondokana na “-li-”, huanza na wakati uliopita na kuuacha baada ya sentensi mbili. Nilikuwa nikikutana na makosa haya kwa wingi hata kwa wanafunzi waliopata alama zote katika mazoezi ya kujaza mapengo, na ni katika utambaji tu ambapo nilielewa yanatoka wapi.

Kwa bahati njema, vitenzi ambavyo hadithi huvihitaji zaidi, vya kwenda, kuja, kuona, kusema, kuchukua, kutoa na kuanguka, ndivyo hasa ambavyo kwa Kiingereza huingia wakati uliopita kwa umbo lisilofuata kanuni. Mwanafunzi akitamba hadithi moja mara tatu huwa amevitumia vitenzi hivyo tena na tena, kila kimoja mahali pake na kwa maana yake, na hilo halipatikani kwa kukariri orodha. Baada ya utambaji wa kwanza huandika ubaoni viunganishi vitatu: kimoja cha tukio la ghafla, kimoja cha mambo mawili yanayokwenda pamoja, na kimoja cha kuonyesha kwamba jambo liliendelea hadi jingine lilipotokea. Wanafunzi hutakiwa kuviingiza katika utambaji wa pili. Huwa ni vitatu tu, kwa sababu nikiandika kumi hakuna atakayekumbuka hata kimoja.

Kuna pia suala la mwanamume na mwanamke. Kiswahili kina “yeye” mmoja kwa wote, na mwanafunzi anayesema Kiingereza kwa haraka huchanganya “he” ya mwanamume na “she” ya mwanamke hata kama anaijua kanuni. Katika hadithi ya Kima na Papa kosa hilo halionekani. Kwa hiyo baada ya majuma machache huleta ngano yenye mume na mke wanaogombana, au kaka na dada waliopotea msituni, na hapo msikilizaji asipoelewa ni nani aliyempiga nani huuliza papo hapo. Swali la mwenzake humsahihisha mwanafunzi kwa nguvu kuliko wino wangu mwekundu.

Hili linanileta kwenye masahihisho, na hapa walimu tunatofautiana sana. Mimi simkatizi mtambaji. Mtu aliyekatizwa katikati ya hadithi hupoteza uzi, na akiupata tena huwa ameazimia kusema sentensi fupi zisizo na hatari. Wapo wanaopendelea kumrudishia mwanafunzi sentensi yake ikiwa imesahihishwa, kimyakimya, kana kwamba wanaitikia tu. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza njia hiyo katika madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, na wakaona kwamba ndiyo iliyotumiwa zaidi na walimu na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wajirekebishe kwa uchache zaidi, kwa maana mara nyingi mwanafunzi hudhani mwalimu anakubaliana naye. Ninachofanya ni kupita kati ya mistari nikiwa na kijitabu, nikinukuu sentensi nilizozisikia, na tukirudi darasani huandika ubaoni sentensi nne au tano bila majina ya waliozisema. Darasa huzirekebisha pamoja. Baadhi ya sentensi hizo huwa nzuri tupu, na huziweka humo makusudi ili anayetazama ubao asijue mapema kwamba kila kilichoandikwa ni kosa.

Ngano huufungua mlango, lakini hadithi za maisha ya wanafunzi wenyewe ndizo zinazowapeleka mbali. Nilikuwa na msichana wa Gredi ya 8 aliyekuwa mkimya sana, asiyenyanyua mkono hata kwa jambo analolijua. Tulipofikia kusimulia tukio la kweli alichagua siku aliyompoteza mdogo wake pale feri ya Likoni, watu walipokuwa wakishuka kwa wingi. Mara ya kwanza alisema sentensi tano tu, zote fupi, na hadithi ikaisha kwa kusema kwamba mdogo wake alipatikana. Msikilizaji wake akamuuliza mtoto alikuwa amevaa nini. Alisita, akajibu kwamba alikuwa amevaa fulana ya njano ya kandanda. Katika utambaji wa pili ile fulana ilikuwa imehamia mwanzoni, akieleza kwamba mama yake alimvisha njano ili aonekane katika umati, na msikilizaji wa pili akamuuliza ni nani aliyemwona kwanza. Mara ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuwa na muda mfupi zaidi, ilikuwa na fulana, na muuza njugu aliyemshika mtoto mkono, na maneno ambayo mama alimwambia muuza njugu yule. Hakuna mwalimu aliyemwambia aongeze maelezo. Maswali ya wenzake yalimwonyesha kile ambacho msikilizaji anakihitaji, na alipokijua alikitafutia Kiingereza mwenyewe.

Tangu hapo nimelifanya sharti kwamba kila msikilizaji aulize swali moja ambalo jibu lake hakulisikia katika hadithi. Sharti hili humsaidia pia yule ambaye bado anaogopa kutamba, kwa kuwa anaanza kwa kuuliza, na muulizaji naye anazungumza. Kucheka hadithi kunaruhusiwa, ila kucheka matamshi ya mtu hakuruhusiwi kabisa, na juu ya jambo hilo sina subira.

Kuhusu kelele, darasa langu lina wanafunzi zaidi ya hamsini na nusu yao huwa wanazungumza kwa wakati mmoja. Uwanja husaidia. Mvua ikinyesha tunabaki ndani na kutamba kwa sauti ya chini, jambo ambalo huwafanya wasikilizaji wasogee karibu. Kwa walimu wanaotafuta hadithi za kuanzia, mradi wa African Storybook una hadithi fupi za bure kwenye intaneti, nyingi zikiwa na matoleo ya Kiingereza na ya Kiswahili.

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi, na wakati mwingine na walimu wenzangu, ni kama wanafunzi hawakariri tu. Mtu akisema jambo moja mara tatu, bila shaka ya tatu itakuwa nyepesi, lakini je, wepesi huo utabaki akipewa jambo jipya? Nel de Jong na Charles Perfetti walilipima hilo kwa watu wazima waliokuwa wakijifunza Kiingereza, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba waliorudia mada ileile walibaki na wepesi wao hata walipopewa mada nyingine baadaye, na waliobadilisha mada kila mara hawakubaki nao. Katika darasa langu huliona hilo mwishoni mwa muhula, wakati mwanafunzi anapopewa picha asiyoijua na kuambiwa asimulie papo kwa papo. Aliyezoea kurudia hadithi huanza mara moja, akaweka mahali, mtu na tatizo, kisha akaendelea.

Kwa watu wazima wa jioni, zoezi huchukua sura nyingine. Wengi wao wanazungumza na wageni kila siku, na Kiingereza chao kina maneno mengi ya salamu, bei na njia, lakini mgeni akiuliza swali lisilotarajiwa huishiwa. Mmoja wao huwatembeza watalii katika Ngome ya Yesu. Alipotuonyesha anavyofanya, alizitaja tarehe kwa mfululizo: Wareno wakaanza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698, Waingereza wakaifanya gereza kuanzia mwaka 1895, UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Yote ni kweli, na alikuwa ameyashika barabara, ila hakuna kati yetu aliyemuuliza swali alipomaliza.

Tulimwomba achague tukio moja tu na alisimulie kama hadithi, naye akachagua kuzingirwa kwa ngome kuanzia mwaka 1696. Akamweka ndani ya kuta mtu mmoja asiye na jina, anayetazama baharini kila asubuhi akingoja jahazi za msaada kutoka Goa, ngome ya Wareno kule India, huku maradhi yakiwaua wenzake kuliko risasi zinavyowaua. Akasimulia kwamba msaada ulifika, nao waliofika wakaugua, na kwamba karibu miaka mitatu ikapita kabla ngome haijaanguka mwezi wa Desemba mwaka 1698. Aliisimulia mara tatu jioni hiyo, kwa wasikilizaji watatu, na maswali yakamiminika: walikula nini, maji walipata wapi, kwa nini hawakutoroka usiku. Baadhi ya majibu hakuwa nayo, akaahidi kuyatafuta katika jumba la makumbusho la ngome yenyewe. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuzungumza, jioni ya namna hiyo ina faida kuliko majuma ya kukariri sentensi za hotelini.

Katika kupima maendeleo, chombo ninachokitumia ni simu. Kila mwanafunzi hurekodiwa mara mbili kwa muhula, akitamba hadithi mpya kwa mara ya kwanza na akiitamba kwa mara ya tatu, na tunazisikiliza rekodi hizo pamoja. Sitafuti lafudhi ya Uingereza wala ya Marekani, na huwaambia hivyo waziwazi, kwa kuwa Kiingereza kinachosemwa kwa sauti ya Mombasa kikaeleweka kimetimiza kazi yake. Ninachowaomba wasikilize ni vituo. Msemaji yeyote hutua, lakini mwenye ufasaha hutua baada ya wazo kukamilika, na anayehangaika hutua kati ya kitenzi na kinachokifuata. Wanafunzi hulitambua hilo haraka sana wakisikia sauti zao wenyewe, na wengi huomba kurudia kabla sijawaambia lolote. Rekodi hufutwa baada ya hapo, na mzazi huwa ameombwa ruhusa mapema.

Muhula huu tumeanza kuzileta darasani hadithi za nyumbani. Kila mwanafunzi wa Gredi ya 9 hutakiwa kumwomba mzee mmoja amsimulie tukio la ujana wake, kwa lugha yoyote anayoipenda mzee huyo, na ni lazima amuulize maswali mawili kabla ya kuondoka. Kisha hulisimulia tukio hilo kwa Kiingereza kwa wasikilizaji watatu, kwa utaratibu uleule. Tayari tumezisikia habari za safari za majahazi, za harusi zilizochukua wiki nzima na za mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997, na baadhi ya wazee wamewauliza wajukuu wao kama wanafunzi wenzao walizipenda hadithi zao. Ambaye hana mzee nyumbani nimemruhusu amwendee mlinzi wa shule au muuza madafu wa langoni, na wote wawili wamekubali kuulizwa.